Ngazi ya Dungu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba ndefu. Vitenge nimeshashona. Saa nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Hotuba ndiyo iliyonikera, maana mwenzenu aliyeisoma alisema nimefanya kazi hii kwa utulivu na uvumilivu mkubwa. Si kweli. Nimeifanya kwa hasira tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na kama nilionekana mtulivu ni kwa sababu huwezi kugombana na hakimu leo halafu kesho ukampelekea ripoti. Sasa sina ripoti ya kumpelekea mtu. Basi nawaandikia ninyi maafisa ustawi mnaobaki huku Kibiti na Rufiji, hasa mlioletwa juzi kutoka vyuoni, habari ya mtoto mmoja na wazazi wake wawili. Vyeo vyangu sitavitaja. Mlikuwapo, mnajua havikuwa vingi.

Mimi ni Mmatumbi wa milimani. Kwetu tunalima mihogo na ufuta, na maji tunayoyajua ni ya kisimani. Nilipokwenda kuripoti kazini mara ya kwanza daraja la Ndundu lilikuwa halijajengwa, tunavuka mto kwa kivuko, na siku hiyo kivuko kilikuwa kimeharibika. Nikavushwa kwa mtumbwi. Nilifika ofisini alasiri, nimelowa hadi magotini, viatu vyangu vipya nimevishika mkononi. Mkuu wangu alikuwa Bi Hadija, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeanza ustawi tangu ofisi ikiwa meza moja na kiti chake. Alivitazama vile viatu akasema vizuri, umeshajua huku vinavaliwa wapi.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni walinifundisha nadharia, na nadharia ina faida zake, lakini hakuna aliyeniambia nisibebe peremende. Bi Hadija alinipekua mkoba siku ya kwanza ya kwenda vijijini, akazikuta, akawagawia madereva wa stendi. Alisema mtoto akishakula peremende yako atakwambia unachotaka kusikia, maana ana adabu. Baadaye mradi mmoja wa wafadhili ulituletea midoli ya kuhojia watoto, yenye macho ya buluu na nywele za manjano. Watoto wa delta ya Rufiji waliikimbia. Midoli ile iko stoo hadi leo, kama panya hawajaimaliza.

Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: ukienda kukagua nyumba anamokaa mtoto, kaa mpaka sufuria iteremke jikoni. Usiseme una haraka, usiseme umeshakula. Mtu anaweza kukufagilia ua, akamvika mtoto nguo ya Idi na kukuonyesha kitanda kipya. Chakula kikiiva hawezi kuigiza tena. Utaona mtoto anamkimbilia nani, nani anajua kwamba hali pilipili, nani anamtolea miiba ya samaki bila kutazama. Nimeyaona hayo katika nyumba nyingi mno, na sijawahi kudanganywa na sufuria.

Ya tatu aliisema mara moja tu, na aliisema kwa ukali. Usimwulize mtoto anampenda nani kati ya baba na mama. Hata hakimu akikutuma, usimwulize.

Safari yangu ya kwanza delta tulikwenda naye. Tulipanda boti Nyamisati tukiwa katikati ya magunia na matenga, tukaingia kwenye vijito mpaka kijiji kimoja cha ndani. Tukakuta kijiji kimefungwa. Nyumba hii kufuli, ile kufuli, ya tatu mlango umefungwa kwa kamba, hakuna hata kuku. Nikamwambia Bi Hadija, hawa wamehama. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye kibaraza cha watu.

"We mtu wa milima," akasema. "Hawajahama. Wamekwenda kuishi."

Akanipeleka mashambani, ndipo nikayaona madungu. Kwa mliotoka mbali: dungu ni kibanda cha juu, kimesimama kwenye nguzo ndefu katikati ya mpunga, kina paa la makuti na ngazi ya miti. Mto ukifurika maji hupita chini. Nguruwe na viboko nao hupita chini. Msimu wa mpunga watu hufunga nyumba za kijijini, wanahamia huko na watoto, sufuria na mikeka yao, wanaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kutwa mpaka mavuno. Wazee wao waliishi hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba hana makazi. Bi Hadija alinitania kwa habari ile ya kuhama hadi siku aliyostaafu. Namshukuru. Mnaweza kukosea kwa namna hiyo na yasitokee madhara, mradi mna mtu wa kuwacheka kabla hamjaandika.

Sasa niwaambie kilichotokea pale ambapo mtu huyo hakuwepo.

Mwanamume tumwite Selemani. Alikuwa mnunuzi wa nguzo za mikoko pale Nyamisati, akamwoa binti wa delta, tumwite Mwanaidi, wakapata mtoto mmoja wa kike, Rehema. Mambo yalipomwendea vizuri alihamia Kibiti, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akajenga nyumba ya tofali yenye vigae chini, akaoa mke wa pili. Mwanaidi hakutaka ukewenza wa ua mmoja. Akadai talaka, akapewa, akarudi kwao na mtoto wake wa miaka mitano. Baraza la kata liliwaita wote wawili, likapiga maneno, likashindwa. Selemani akafungua shauri kuomba malezi ya mtoto. Mahakama siitaji, maana watu wake bado hunisalimia sokoni.

Sheria yetu mnaijua, au mnapaswa kuijua. Linalotazamwa kwanza ni maslahi ya mtoto, si ya mzazi. Mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Wazee wa huku wana yao, wengi hukwambia mtoto ni wa baba na mjadala umekwisha. Shehe mmoja wa Kibiti aliwakatiza mbele yangu, akawaambia kulelewa ni haki ya mtoto, si tunzo ya mzazi aliyeshinda, na mtoto mdogo ana mama yake mpaka afikie umri wa kupambanua. Kwa hiyo sheria na dini, kwa mara moja, zilikuwa zinasema karibu jambo moja. Rehema alikuwa na miaka mitano. Shauri lile lilikuwa la kumalizika upesi na kwa amani.

Hakimu aliagiza ripoti ya ustawi. Mimi nilikuwa Nyamwage, kuna ajali ya barabarani iliyowaacha watoto bila wazazi, siwezi kuondoka. Ofisi ikamtuma kijana mmoja aliyekuwa mgeni kazini. Jina lake la nini, siku hizi ni mkuu mahali pengine. Alipanda boti Nyamisati, akafika kijijini kwa akina Mwanaidi, akakuta kufuli. Akaipiga picha ile kufuli. Akageuza na boti ile ile.

Ripoti yake niliisoma niliporudi. Ilisema nyumba ya mama imetelekezwa, mama hana makazi yanayojulikana, na kwamba ameshindwa kupata maelezo ya majirani kwa sababu majirani wote hawakuwepo. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kijiji kizima hakina mtu, na huyu msomi wetu akahitimisha kwamba aliyekimbia ni mwanamke mmoja. Nilimwita, nikamwuliza kama alimwuliza hata nahodha wa boti watu wako wapi. Akasema hakuona sababu, picha ilikuwa inajieleza. Siku ile niligonga meza, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na wateja walisikia. Sijutii.

Nilikwenda kwa hakimu nikaomba nirudie ukaguzi. Alikuwa mtu msikivu, akanikubalia. Nikavaa gambuti, nikachukua jaketi okozi langu ambalo nililinunua mwenyewe kwa sababu la ofisi lilikuwa limeoza, nikaenda.

Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Nilifika chini ya dungu la Mwanaidi na matope mpaka kiunoni, nikapiga hodi, nikashika ngazi. Kichwa kidogo kikachungulia kutoka juu.

"Vua viatu," mtoto akaniambia. "Viatu vinateleza."

Nikavua. Nilipanda ngazi ile kwa aibu na kwa kushika kila mti kwa mikono miwili, na kabla sijafika katikati yule mtoto alishuka kwa upande, akanipita, akaenda kuteka maji, akarudi na kidumu mkononi, akanipita tena kwenda juu. Mama yake alikuwa anacheka chinichini. Rehema akamwambia, "Mama, huyu Mmatumbi anaogopa," na sijui alilijuaje kabila langu, labda kwa namna nilivyoshika ngazi. Utani wa Wandengereko, watu wa huko delta, na sisi Wamatumbi hauna umri.

Nilikaa mpaka sufuria ikateremka. Ulikuwa wali na kambale wa kuchoma. Mwanaidi alimtolea mwanawe miiba huku akizungumza na mimi na kuwafokea ndege, vyote kwa pamoja. Nilimwuliza habari ya shule, maana hapo baba alikuwa na hoja na sikutaka kuificha: watoto wengi msimu huu hawaonekani darasani. Akanijibu kwamba mwanawe bado hajaanza, na akianza atabaki kijijini kwa bibi yake siku za masomo, kama alivyobaki yeye. Hakusema kwa kujitetea. Alikasirika nilipomsomea ile habari ya kufuli.

"Nyumba nimeifunga kwa sababu mna vitu vyangu ndani," akasema. "Ningekuwa nimehama ningeiacha wazi. Huyo kijana wenu kwake hafungi mlango akienda kazini?"

Niliandika kila kitu, na la shule niliandika. Nikapendekeza mtoto akae na mama, baba amwone wakati wowote, na shule ikianza tukague tena. Nikapeleka ripoti kwa wakati. Nikadhani nimemaliza.

Siku ya shauri hakimu yule alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake kwa muda alifungua jalada akakuta ofisi moja ya ustawi imeleta ripoti mbili, moja inasema mama hana nyumba, nyingine inasema anazo mbili. Wakili wa Selemani alitabasamu. Hakimu akasema hawezi kuamua katika mkanganyiko, na mpaka shauri lisikilizwe kikamilifu mtoto akae kwa muda kwa baba yake, mahali penye makazi ya uhakika. Kwa muda. Nawaomba myaogope sana maneno hayo mawili.

Wiki hiyo hiyo Rehema aliondolewa delta. Mpunga wa mama yake ulikuwa haujavunwa.

Kilichofuata ni kuahirishwa. Hakimu mpya hajaripoti. Hakimu ameripoti lakini yuko semina. Wakili yuko kwenye shauri jingine Dar es Salaam. Baba anaumwa na ameleta cheti. Jalada halionekani, jalada limeonekana, leo umeme hakuna. Kila mara Mwanaidi alitoka delta kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda mpaka Kibiti, akakaa kwenye benchi la nje na kifurushi cha mchele mpya au kamba wakavu wa mwanawe, halafu akaitwa ndani kuambiwa tarehe nyingine. Karani mmoja alimfariji kwa kumwambia kawia ufike. Nilimwuliza karani yule kama na mtoto anakawia kukua. Akaniona mkorofi.

Watu wa huku hupenda sana kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wakishasema huendelea kupigana. Na mahakama huwapangia tembo tarehe.

Nilikwenda Kibiti kukagua nyumba ya baba, na nilikwenda kwa haki, sikwenda kutafuta ubaya. Rehema alikuwa na sare ya shule iliyopigwa pasi, viatu vyeusi, godoro lake peke yake na chandarua. Hakuna aliyempiga. Mama wa kambo alinisalimu vizuri na kukimbilia dukani, kwa sababu duka lilikuwa lake kuliko la mumewe. Nilikaa mpaka sufuria ikateremka. Aliyeiteremsha alikuwa Pili, msichana wa kazi, naye alimpakulia mtoto, akaweka sahani, akarudi kufua. Rehema alikula peke yake akitazama televisheni. Nilimwuliza kama amemwona mama yake karibuni. Akaniuliza mama yupi, huyu au mama wa shamba.

Selemani aliporudi nilizungumza naye barazani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mlevi. Aliniambia, "Mama Ustawi, mie sitaki mwanangu alale juu ya nguruwe." Niliona machoni kwamba anamaanisha. Nikamwuliza leo mwanawe amekula nini. Akafikiri kidogo, kisha akamgeukia Pili.

Nilimwambia palepale kwamba hashindanii mtoto, anashindana na Mwanaidi.  Wanaume wengi nimewaambia hivyo, na wanawake pia, maana msidhani akina mama hawafanyi. Kuna mama wa Ikwiriri aliyemkataza mtoto kumwamkia baba yake njiani. Mtoto anageuzwa kuwa kamba ya kuvutana, na kila upande unaapa kwamba haumvuti, umemshikilia tu asianguke.

Tarehe zikapita, msimu ukaisha, msimu mwingine ukaja. Hatimaye akapangwa hakimu mwanamke, kijana, mwenye miwani, na shauri likaanza kusikilizwa kwa kweli. Siku ya kwanza kabisa ya kusikilizwa wakili wa Selemani alisimama, akatengeneza joho lake, akasema kuna jambo la kisheria. Mtoto sasa ametimiza miaka saba. Ile dhana ya kuwa mtoto mdogo ni heri akae na mama haipo tena mbele ya mahakama. Alisema kwa sauti laini kabisa, akakaa.

Afisa ustawi hasimami mahakamani mpaka aitwe. Ninyi wapya, shikeni hilo. Mimi nilisimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "alikuwa na mitano alipoingia humu. Hiyo miwili tumemlea sisi, kwenye jalada."

Niliamriwa kukaa, nikakaa. Mwanaidi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio wake. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwita Rehema mbele, na nilijua kinachokuja. Mtoto akasimama katikati ya chumba, baba huku, mama kule, watu wa mashauri mengine wamejaa kwenye mabenchi ya nyuma. Hakimu akainama akamwuliza kwa upole, mwanangu, unataka kukaa na nani?

Rehema alitazama sakafu. Mkojo ukamtoka, tukauona wote ukishuka hadi kwenye soksi zake nyeupe.

Nilisimama mara ya pili. Sikusema kwa adabu, nakiri, ila sikutukana. Nikaomba aulizwe faragha, chumbani kwa hakimu, wazazi wasiwepo, na nimfute kwanza. Yule hakimu alivua miwani, akasema mahakama inaahirishwa kwa muda mfupi. Mfupi kweli, safari hii. Namheshimu hadi leo kwa hilo, kwa sababu wakubwa wengi wakikosea mbele za watu hung'ang'ania.

Chumbani tulikuwa watatu. Nilimbadilisha mtoto kwa khanga yangu. Hakimu alimwambia hakuna aliyekasirika. Rehema akauliza kitu ambacho nilikuwa nimekisikia kwa watoto wengine, kwa maneno tofauti.

"Nikisema mama, baba atafungwa?"

Hakimu akamwuliza nani kamwambia hivyo. Akasema watu. Kwa mtoto mahakama ni mahali pa kufungwa, ameona pingu kwenye korido, ameona gari la mahabusu uani. Na sisi tumemleta hapo mara ngapi sijui, tumemkalisha, hatujawahi kumweleza. Hakimu akamwapia kwamba hafungwi mtu, si baba wala mama. Mtoto hakuonekana kuamini sana. Hakimu akanigeukia, akaniachia mimi.

Sikumwuliza anampenda nani. Nilimwuliza nani anamwamsha asubuhi. Pili. Nani anajua rafiki yake wa shule anaitwa nani. Akanitajia jina, akasema Pili, na sasa wewe. Nikamwuliza, ukishikwa na homa usiku unamwita nani?

"Simwiti mtu. Nanyamaza mpaka kuche."

"Na kule shamba ulikuwa unamwita nani?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Kule huiti. Mama si yuko hapo hapo."

Hakimu aliiandika hiyo kwa mkono wake. Hukumu aliisoma wiki iliyofuata bila kuahirisha. Mtoto akae na mama, asome shule ya kijijini akilala kwa bibi siku za masomo, likizo na sikukuu aende kwa baba, na baba amwone wakati wowote ikiwa ametoa taarifa. Selemani hakukata rufaa. Nadhani naye alikuwa amechoka, au labda zile soksi zilimfikia. Alimleta mwanawe mwenyewe Nyamisati siku ya makabidhiano, amebeba begi lake. Aliniuliza shule ya kule ina walimu wangapi na kama njia yake haina maji. Nilimjibu vizuri, ila ndani nilikuwa nachemka. Maswali hayo angeyauliza mwanzo, uani kwa mama mtoto, tusingeonana mahakamani hata siku moja.

Ninyi mnaobaki, kesho mtaletewa jalada la namna hii. Msiandike nyumba ambayo hamkuisubiri sufuria yake. Mkikuta kufuli, ulizeni watu wako wapi, hata kama mnayemwuliza ni muuza mihogo. Hakimu akitaka kuahirisha, msitazame kalenda, mtazameni mtoto, semeni umri wake kwa sauti. Mtaambiwa wakorofi. Mimi niliambiwa, na bado nikapewa saa ya ukutani.

Amri ya mahakama ilisema afisa ustawi ashuhudie mtoto akifikishwa, basi tulipanda boti pamoja, mimi, Mwanaidi na Rehema. Ulikuwa wakati wa likizo na msimu wa mpunga, kijiji kimefungwa, tukapita moja kwa moja hadi mashambani. Mwanaidi hakuwa ameongea sana njiani. Alikuwa anamshika mtoto nywele, anamwachia, anamshika tena. Tulipofika chini ya dungu alitundika begi begani, akachukua kifurushi, akapanda ngazi bila kugeuka, kama mtu yeyote anayefika kwake na mwanawe nyuma.

Rehema hakumfuata. Aliweka mkono kwenye mti wa kwanza, akautoa. Akatazama juu, akayatazama matope, akanijia mimi.

"Nishike," akaniambia. "Nitaanguka."

Mama yake alisikia. Aligeuka kule juu, na nikaona uso wake ulipoelewa.  Aliweka mizigo, akashuka polepole mpaka chini, akachutama mbele ya mwanawe ili ampande mgongoni. Mtoto alikuwa mkubwa sasa, miguu ilining'inia.

"Vua viatu kwanza, mwanangu," Mwanaidi akasema. "Viatu vinateleza."

Akavua. Wakapanda, mama anapumua kwa nguvu, mtoto amemkaba shingo na kufumba macho. Mahakamani wameandika shauri limekwisha. Mimi nilibaki chini kwenye matope, nimeshika viatu vya mtoto.